Naomba ushauri: GPA ya mdogo wangu imeshuka, ufadhili uko hatarini

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu anasoma uhandisi Marekani, mwaka wa kwanza, kwa ufadhili wa ufaulu. Sharti ni GPA (wastani wa alama zote) ya 3.0, yeye amemaliza mwaka na 2.7. Kalkulasi amepata D. Muhula huo baba alikuwa amelazwa. Daktari akipita wodini asubuhi huku Dar, kule ni usiku wa manane, na kijana yuko macho kwenye simu anasubiri habari.

Chuo kimempa nafasi ya kukata rufaa. Je, aambatishe vyeti vya hospitali vya baba, au barua ya mshauri wake wa masomo ndiyo yenye uzito zaidi? Kuna aliyemshauri asome kiangazi kwenye chuo cha jamii (community college, chuo cha miaka miwili) kwa kuwa ni nafuu, lakini vyuo vingi huhamisha krediti (vipimo vya masomo uliyofaulu) tu, alama haziingii kwenye GPA. Naona bora arudie kalkulasi hapohapo chuoni kwake. Kupunguza masomo hawezi kiholela, viza yake ya mwanafunzi, F-1, inamtaka awe na angalau krediti 12 kwa muhula.

Ada bila ufadhili hatuiwezi kabisa. Mliowahi kukata rufaa ya namna hii mkakubaliwa, mliandika nini hasa?