Naomba ushauri: kijana wangu ni mrushaji wa besiboli, aanze fainali ya Jumamosi au apumzike?

Baba Salmini (mleta mada), Alhamisi

Wakuu, heshima kwenu. Ninaishi Silver Spring, Maryland, tangu 2011, na kwa miaka yote hiyo nimekuwa mshabiki wa Washington Nationals. Kijana wangu ana miaka 14 na ni mrushaji, yaani ndiye anayesimama kwenye kile kilima cha katikati ya uwanja na kumrushia mpigaji mpira. Klabu yake imemaliza msimu huu ikiwa imeshinda michezo 17 na kupoteza 5, na Jumamosi inacheza fainali. Kocha anataka kijana aanze.

Mchezo wake wa mwisho katika klabu ulikuwa Jumapili, akarusha mipira 58. Hesabu hiyo naijua kwa hakika kwa sababu daftari la timu naliandika mimi. Mwongozo wa Pitch Smart, uliotolewa na ligi kuu ya Marekani pamoja na chama cha USA Baseball, unasema mtoto wa miaka 13 au 14 asizidishe mirusho 95 kwa siku, na akirusha kati ya 51 na 65 apumzike siku 3. Kufikia Jumamosi atakuwa amepumzika siku 5. Hata hivyo, mama yake hataki acheze, na nyumbani hatuelewani. Je, kuna sababu ya kumzuia kijana ambaye amefuata kanuni?

Kipanga wa Ngamiani

Ndugu yangu, besiboli siijui, lakini mama akikataa jambo linalohusu mwili wa mtoto, huwa ameona kitu. Mimi nilikuwa mlinda mlango wa timu ya mtaa Tanga. Siku ya nusu fainali goti lilikuwa limevimba, marehemu mama akanificha viatu, nami nikaazima vya rafiki yangu na kucheza dakika zote 90. Tulishinda, nikabebwa juu kwa juu hadi nyumbani. Leo nina miaka 46, na nikiingia msikitini naomba kiti. Mtafute mama yake, kaeni chini mzungumze, kwa sababu fainali zitakuja nyingine.

Azania wa Zamani

Nimefurahi kuona besiboli jukwaani. Mimi niliicheza pale Azania, Dar es Salaam, chini ya mwalimu wa Kijapani aliyetufundisha kuinamia uwanja kabla ya kuukanyaga. Alikuwa akitusimulia mashindano ya Koshien, yale ya shule za sekondari za Japani, ya mwaka 1998, pale Daisuke Matsuzaka, mwanafunzi wa sekondari, aliporusha mipira 250 katika mchezo mmoja wa iningi 17 (iningi ni awamu ambayo kila timu hupata zamu moja ya kupiga, na mchezo wa kawaida una 9). Sisi tulisikiliza kama watoto wanaosimuliwa habari za Shaka Zulu, na kila mmoja wetu alitaka kuwa Matsuzaka. Nilipokuwa mtu mzima nikasoma kwamba Wajapani wenyewe, kuanzia 2020, wamemwekea mrushaji wa sekondari kikomo cha mirusho 500 kwa wiki. Nilijiuliza kama mwalimu wetu anazo habari hizo, na kama bado anaisimulia ile hadithi kwa furaha ileile.

Kuhusu swali lako: siku 5 zinatosha. Aanze.

Muuguzi Sakina

Baba Salmini, habari za huko. Mimi ni muuguzi wa wodi ya mifupa, na kabla ya kusema lolote nina maswali matatu. Je, kijana anarusha mahali pengine popote zaidi ya klabu hiyo? Je, amelalamika maumivu ya kiwiko au bega? Na je, mama yake ametoa sababu gani? Umetuandikia hesabu nzuri sana ya Jumapili, lakini juu ya mkono wenyewe hujaandika hata sentensi moja.

Baba Salmini

Ahsante dada Sakina. Kabla sijajibu, naomba nieleze kwa nini jambo hili linanisumbua kuliko linavyostahili.

Mwaka 2012 Stephen Strasburg, mrushaji wa Nationals, alikuwa amerejea baada ya kupasuliwa kiwiko mwaka 2010, ule upasuaji unaoitwa kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa na daktari Frank Jobe mwaka 1974, ambapo kano iliyochanika upande wa ndani wa kiwiko hubadilishwa kwa kano iliyotolewa kwingine mwilini. Strasburg alishinda michezo 15 msimu ule. Septemba, akiwa ametimiza iningi 159 na theluthi moja, meneja mkuu Mike Rizzo alimsimamisha kurusha kwa msimu wote uliobaki ili kuulinda mkono. Timu ilimaliza na ushindi 98, mwingi kuliko wa timu yoyote mwaka ule, ikaingia kwenye mchujo, yaani michezo ya kuwania ubingwa baada ya msimu wa kawaida, bila mrushaji wake bora. Tarehe 12 Oktoba, katika mchezo wa tano na St. Louis Cardinals, tuliongoza 6-0, tukafika iningi ya tisa tukiongoza 7-5, tukabakiza straiki moja tu, yaani mrusho mmoja ambao mpigaji angeukosa, ili tushinde, kisha tukapoteza 9-7. Nilikaa mbele ya televisheni hadi mke wangu alipokuja kuizima. Nilimlaumu Rizzo mwaka mzima.

Kisha ukaja 2019. Tulianza msimu kwa kushinda michezo 19 na kupoteza 31, watu wakaanza kudai kocha afukuzwe, lakini tukamaliza na ushindi 93. Strasburg alirusha iningi 209 katika msimu wa kawaida na nyingine 36 na theluthi moja katika mchujo, akachaguliwa mchezaji bora wa fainali, na ubingwa ukaja Washington. Nilimsamehe Rizzo usiku ule. Nikasema kumbe mkono ule ulikuwa umewekewa akiba.

Azania wa Zamani

Mzee wangu, hadithi hiyo umeikatisha mahali pazuri. Baada ya 2019 Strasburg alipewa mkataba wa miaka 7 wa dola milioni 245, akacheza michezo 8 tu katika misimu mitatu iliyofuata, na 2024 akastaafu. Ukitaka kusema kupumzishwa kulimwokoa, mwaka 2019 ni shahidi wako. Ukitaka kusema iningi zile 245 za mwaka mmoja ndizo zilizommaliza, hiyo michezo 8 ni shahidi wako vilevile. Mimi naona mkono wa mrushaji ni kama kamba ya kisima: unajua imechakaa, ila ndoo ipi ndiyo itakayoikata huwezi kuitaja.

Muuguzi Sakina

Maswali yangu matatu bado yapo pale juu.

Baba Salmini

Haya. Nitajibu.

Kijana anacheza pia ligi ya mtaa, ambayo ndiyo aliyoanzia akiwa na miaka 8, na marafiki zake wote wako huko. Jana, Jumatano, alirusha mipira 71. Kocha wa klabu hana habari kwa sababu daftari la klabu linaandika michezo ya klabu peke yake. Maumivu hajayataja kwa mdomo. Mama yake anasema tangu wiki iliyopita anapiga mswaki kwa mkono wa kushoto.

Naomba msinihukumu haraka. Jumanne usiku nilikuwa nimekwisha kumjibu kocha kwamba kijana ataanza, na hoteli ya karibu na uwanja nimeilipia. Kocha wa shule ya sekondari tunayoitamani ameahidi kuja kumtazama, na babu yake aliyeko Pangani ameelezwa, kila siku anapiga simu kuuliza. Isitoshe, mwaka 2025 tuliona yule mrushaji Mjapani, Yoshinobu Yamamoto, akirusha mipira 96 siku ya Ijumaa katika mchezo wa sita wa fainali, na Jumamosi yake akarudi kilimani kurusha mingine 34 hadi Los Angeles Dodgers wakaishinda Toronto katika iningi ya 11. Kijana wangu aliutazama mchezo ule akiwa amesimama, tangu mwanzo hadi mwisho. Mwili uliozoeshwa hustahimili.

Muuguzi Sakina

Sasa tunazungumza. Kwa mwongozo huohuo ulioutaja, mirusho 66 na zaidi kwa umri wake inadai siku 4 za mapumziko. Alirusha Jumatano, hivyo siku ya kwanza anayoruhusiwa kupanda kilimani ni Jumatatu. Tena hata hiyo Jumatano ilikuwa kosa, kwa sababu baada ya mirusho 58 ya Jumapili alistahili siku 3 na alipata 2. Mwili wa mtoto haujui ni jezi ya timu gani umevalishwa.

Yamamoto alikuwa na miaka 27, na mifupa yake ilikwisha kufunga. Kwa kijana wa miaka 14, upande wa ndani wa kiwiko bado una sehemu ya mfupa inayoendelea kukua, na hiyo ni dhaifu kuliko kano inayoivuta kila anaporusha. Ndiyo maana mtoto huanza kuumia pale mapema. Msimamishe leo na umpeleke kwa daktari.

Mama Wawili

Mimi nimelea watoto wawili katika nchi hiyohiyo, na nasema kwa uchungu kwamba sisi wazazi tuliokuja na begi moja tumewafanya watoto kuwa shamba la kuvuna. Mtoto akijua hesabu, tunamwona daktari. Akirusha mpira, tunaona ada ya chuo imelipwa. Je, kuna mtu amemwuliza kijana mwenyewe? Katika uzi huu wote nimesoma habari za kocha, babu, hoteli na Mjapani, na mtoto nimemwona mahali pamoja tu, akiwa na mswaki.

Msomaji Makini

Samahanini, mimi nina shaka, na nitaisema wazi. Mtu anayeandika daftari la timu, anayekumbuka theluthi za iningi za mwaka 2012, hawezi kuwa hajui kwamba Jumatano ilivunja kanuni. Mwanzoni ilikuwa Jumapili peke yake. Alipobanwa ikazaliwa Jumatano, kisha hoteli, kisha mswaki, kisha babu wa Pangani. Kila tukiuliza, hadithi inaongezeka urefu. Nadhani kijana hayupo, na kwamba huyu ni mshabiki mwenye kidonda cha 2012 anayetaka tubishane juu ya Strasburg. Kwetu hii tunaiita chai. Halafu, ni watoto wangapi wa Waswahili mnaowajua wanaocheza besiboli?

Kipanga wa Ngamiani

Hata mimi nilishangaa alipojibu maswali matatu kwa habari za Rizzo. Mtu mwenye mgonjwa hasimulii hivyo.

Jirani wa Lugazi

Hilo la mwisho nalikanusha. Mwaka 2012 timu ya watoto kutoka Lugazi, hapa Uganda, ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League kule Williamsport, Pennsylvania. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilifuzu na ikakosa viza. Watoto wetu wanaucheza mchezo huu, baadhi yao bila viatu. Na kuhusu kujua kanuni kisha kuzivunja, nimeishi miaka mingi na mjomba aliyekuwa daktari wa mapafu na alivuta sigara hadi mwisho wake. Mtu kuijua hesabu hakumfanyi aifuate.

Msomaji Makini

Basi aniambie jambo moja ambalo mshabiki wa kwenye televisheni hawezi kulijua.

Baba Salmini

Sikupenda kujibu, lakini nimeamka saa 10 alfajiri na usingizi umekataa, kwa hiyo nitajibu.

Baada ya kusoma ujumbe wa dada Sakina nilimwita kijana sebuleni. Nilimwambia anyooshe mikono yote miwili mbele yangu, viganja vikitazama juu, kama anayepokea kitu. Wa kushoto ulinyooka kabisa. Wa kulia ulibaki umejikunja kidogo kiwikoni, na alipojilazimisha kuunyoosha, bega lake lilipanda kusaidia. Alinitazama usoni kuona kama nimeona. Nikagundua kwamba amekuwa akinificha kwa muda, kama mimi nilivyowaficha ninyi Jumatano.

Msomaji Makini, uko sahihi kwamba nilijua. Nilijua tangu Jumatano jioni nilipokuwa nimekaa kwenye benchi la ligi ya mtaa na ile mashine ndogo ya kuhesabia mkononi, nikaiona ikifika 66, na badala ya kumwambia kocha wao, nikaitia mfukoni nikaendelea kuibonyeza humohumo.

Muuguzi Sakina

Kushindwa kuunyoosha mkono ni dalili, tena si ndogo. Asirushe chochote, hata mazoezini, hata jiwe, mpaka apigwe picha. Na msimpe dawa ya maumivu ili ajaribu.

Mama Wawili

Baba Salmini, nilikuwa mkali. Mwambie kijana hana kosa.

Msomaji Makini

Nimeyapokea, na naomba radhi kwa neno chai. Nina ombi moja. Una madaftari mawili, la klabu na lile la ligi ya mtaa. Umewahi kuyajumlisha?

Baba Salmini, Ijumaa

Nilikuwa sijawahi. Nimefanya hivyo asubuhi hii mezani, mama yake akinisomea na mimi nikiandika. Tangu Machi amerusha mipira 1,312 katika iningi 81. Tukaongeza iningi 27 za msimu wa vuli uliopita, zote zikafika 108. Kikomo cha umri wake katika mwongozo ni iningi 100 kwa miezi 12, na kinahesabu timu zote pamoja. Humohumo imeandikwa kwamba kila mwaka apumzike kurusha angalau miezi 4. Nimetafuta katika madaftari nione ni lini alikaa hata miwili mfululizo, nami sikuipata.

Nimemtumia kocha wa klabu picha za kurasa zote mbili za wiki hii, pamoja na ujumbe kwamba kijana hataanza kesho wala hatapanda kilimani msimu huu. Ameusoma na hajajibu. Daktari amempangia Jumanne, saa 3 asubuhi. Hoteli hawarudishi fedha, kwa hiyo tutakwenda. Kijana ameomba akae kwenye benchi na wenzake, na ameniuliza kama kesho daftari anaweza kuliandika yeye, kwa mkono wa kushoto.