Naomba ushauri: nataka kucheza Fantasy kwa takwimu, nianzie wapi?

Kocha wa Simu (mwanzisha uzi)
Wakuu, heshima zenu. Nacheza FPL (Fantasy Premier League, mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani) misimu kadhaa sasa, na kwenye ligi yetu ya washikaji huwa namaliza katikati: sichekwi, sisifiwi. Msimu huu nataka niache kupanga timu kwa mihemko. Shida ni kwamba nikifungua takwimu nakutana na bahari ya namba: xG (magoli yanayotarajiwa), mashuti ndani ya boksi, nafasi alizotengeneza, ugumu wa ratiba. Kila mchezaji ninayempenda sikosi namba nzuri yake! Yaani lazima nipate moja ya kumtetea. Zipi ni za kutazama na zipi ni kelele? Na nitajuaje kama mbinu inafanya kazi au ni bahati tu? Wale wa "mnunue Haaland ulale" naomba mpite kimyakimya.

Winga Teleza
Mnunue Haaland ulale.

Shuti Kavu
Mkuu, hapo kwenye "lazima nipate moja ya kumtetea" ndipo ugonjwa ulipo. Jibu unalo tayari, unachotafuta ni shahidi. Fanya kinyume: kabla hujafungua namba yoyote, andika ni kitu gani ukikikuta utamkataa huyo mchezaji. Mfano: "nikikuta amekuwa akitolewa kabla ya dakika ya 60, simchukui." Ukishaandika huna pa kujificha.

Kuhusu namba zenyewe, mimi naanza na dakika. Akifikisha 60 ana pointi 2 mkononi, na beki asiyefikisha 60 hazioni zile 4 za klinishiti (timu kumaliza bila kufungwa) hata timu yake isipofungwa. Pili, nani anapiga penalti. xG inakuja baada ya hapo: kila shuti linapewa uwezekano wa kuwa goli kulingana na mashuti ya aina hiyo yaliyowahi kupigwa. Penalti moja iko kati ya 0.75 na 0.8, kwa hiyo itoe kwanza ndipo uone mchezaji anapata nafasi kiasi gani kwenye mchezo wa kawaida.

Septemba 2024 Cole Palmer wa Chelsea aliwafunga Brighton manne kipindi cha kwanza. Kati ya hayo, moja penalti, moja faulo ya moja kwa moja. Watu wakamkimbilia. Mechi ya ligi iliyofuata, dhidi ya Nottingham Forest, hakufunga. Sisemi alikuwa mbovu, alikuwa moto kweli. Ila manne kwa mechi si kiwango cha binadamu yeyote, na ukinunua mtu baada ya siku yake bora, tegemea arudi kwenye wastani wake.

Mama Nyavu
Naongezea upande wa mabeki maana huko ndiko watu wanakopoteza muda. Kama unakadiria timu itafungwa wastani wa goli 1, nenda Excel uandike =EXP(-1). Inakupa 0.37, yaani klinishiti ni asilimia 37 tu. Ukikadiria 1.5, inashuka hadi 22. Huo ni mgawanyo wa Poisson (kanuni ya kukadiria tukio litatokea mara ngapi), haujakamilika kwa soka lakini unatosha.

Sasa zidisha kwa pointi 4: beki wa kwanza anategemea kama 1.5 za klinishiti, wa pili kama 0.9. Tofauti haifiki hata pointi moja! Na kuna mtu anakesha anabadilisha makipa kila wiki kwa ajili ya hiyo.

Halafu tangu msimu wa 2025/26 kuna zile pointi 2 za kazi ya ulinzi: beki anazipata akifikisha matukio 10 ya kuondosha, kuzuia, kunasa pasi na kukaba. Hizo mimi naziamini mapema kuliko magoli. Mabeki wengine wanakaribia 10 kila wiki, kwa hiyo mechi chache zinakuonesha mtu alivyo. Goli la beki linakuja mara moja moja, mechi chache hazikwambii kitu.

Kipa wa Zamani
Haya yote mazuri lakini namba hazioni kocha akibadilisha mfumo Jumamosi. Winga akihamishiwa kuwa beki wa pembeni, xG yake ya mwezi uliopita ni ya mtu mwingine. Angalieni mpira jamani.

Shuti Kavu
Mzee hapo sikubishii. Ila jicho nalo lipimwe. Ukiona kitu uwanjani, kiandike kabla ya mechi inayofuata, tuone limekuwa sahihi mara ngapi. Jicho huwa linakumbuka siku lilipopatia tu.

Kocha wa Simu
Asanteni sana. Sasa hilo la kupima ndilo sijalielewa. Nikimpa unahodha mtu (yule ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili) akaambulia pointi 2, nilikosea au sikukosea?

Daftari la Bluu
Kwa wiki moja huwezi kujua, na usijaribu. Kila wiki kabla ya muda kufungwa andika makadirio machache yenye asilimia: "fulani ataanza, 90", "nahodha wangu atafunga au kutoa asisti, 60". Usiguse tena. Baada ya mechi tumia alama ya Brier, ilibuniwa mwaka 1950 kupima watabiri wa hali ya hewa. Ulisema 0.7 na ikatokea: 0.7 toa 1, kipeo cha pili, unapata 0.09. Haikutokea: 0.49. Alama ndogo ndiyo nzuri, na anayesema 0.5 kwa kila kitu hupata 0.25. Wastani wako ukiwa juu ya hapo muda mrefu, hujui unachokisema.

Angalia pia makundi. Yale uliyoyapa 60, yametokea karibu 60 kati ya 100? Kama yanatokea 40, una mapenzi na wachezaji wako. Kwa hiyo nahodha wa pointi 2 hajakuhukumu, asilimia uliyompa ndiyo inayohukumiwa, tena ikiwa pamoja na nyingine nyingi.

Kocha wa Simu
Nimekuelewa mkuu. Na uhamisho wa minus 4, ule wa kuzidi wa bure unaokatwa pointi 4?

Mama Nyavu
Hesabu ileile. Unayemtoa unamkadiria 3.5 kwa mechi, unayemleta 5. Faida ni 1.5, kwa hiyo unahitaji mechi tatu kurudisha zile 4, na muda wote huo awe mzima na anaanza. Kama unayemtoa ameumia na benchi lako tupu, hiyo ni hesabu nyingine, lipa tu. Vinginevyo subiri. Tangu 2024/25 unaweza kulimbikiza uhamisho wa bure hadi mitano, haraka ya nini?

Kipa wa Zamani
Na mkiwa mnahesabu, angalieni mnamkimbiza nani. Ukiongoza ligi ya washikaji kwa pointi nyingi, mpe unahodha yule ambaye anayekufuata atampa, hata kama unamwona wa pili kwa ubora. Akifunga mmefunga wote. Ukiwa nyuma na wiki zimebaki chache, hapo ndipo umchukue ambaye anayeongoza hana, ingawa kwa wastani atakupa pungufu kidogo.