Trimu ya umeme kwenye ndege ya kujitengenezea: swichi peke yake, rilei, au kidhibiti?

Kipanga: Wakuu, heshima zenu. Ndege yangu ina viti viwili ubavu kwa ubavu, umeme wa volti 12. Mota ya trimu (kibao kidogo kinachopunguza uzito wa fimbo mkononi) ya elevata (sehemu ya mkia inayoinua na kushusha pua) ni ya kampuni ya Ray Allen, ile ya nyaya tano. Nimeona watu wakifunga kwa njia tatu: umeme wa mota upite kwenye swichi yenyewe, rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo), au kidhibiti cha elektroniki. Fimbo zote mbili za kuongozea ndege zitakuwa na vitufe. Mngefunga ipi?

FundiWaya: Tuanze na nyaya, maana hapo ndipo wengi wanajichanganya bure. Mbili nyeupe ni za mota. Ukizibadilishana, inazunguka kinyume. Rangi ya chungwa, buluu na kijani ni za kiashiria cha trimu ilipo. Swichi hazizihusu kabisa.

Kwa fimbo moja mimi nafunga swichi peke yake. Iwe ya kurudi katikati yenyewe, inayogeuza chanya na hasi. Mota inakula chini ya ampea moja, hivyo nyaya nyembamba ndani ya fimbo zinatosha. Vitu vichache, hitilafu chache.

MzeeWaMkia: Sawa fundi, ila aliyeuliza ana fimbo mbili. Unga swichi mbili za aina hiyo kwenye mota moja, halafu rubani abonyeze pua juu wakati aliyekaa pembeni anabonyeza pua chini. Chanya inakutana na hasi, shoti, fyuzi imekwenda na trimu huna tena.

Rilei zinaliondoa tatizo hilo. Kila waya mweupe unakuwa na rilei yake. Zikiwa zimelala, nyaya zote mbili ziko hasi. Kitufe cha juu kinaamsha rilei moja, waya wake unahamia chanya, mota inazunguka. Wakibonyeza kinyume kwa pamoja, nyaya zote mbili zinakuwa chanya na mota inasimama tu. Tena vitufe vinapeleka hasi kwenye koili ya rilei (waya uliozungushwa unaoiamsha), basi, kwa hiyo kila fimbo inahitaji nyaya tatu: juu, chini na hasi. Weka dayodi (kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila koili, vitufe vidumu.

Mbawa2: Mzee, na rilei ikiganda? Trimu inakimbia hadi mwisho na fimbo inakuwa nzito mkononi.

MzeeWaMkia: Kitufe nacho hukwama, kwa hiyo hofu hiyo ipo kwenye njia zote. Dawa ni breka ya umeme ya kuvuta (kikata umeme) au swichi ya kukata umeme wa trimu, mahali mkono unafika bila kuinama. Usitegemee fyuzi hapo. Mota inayokimbia inakula umeme uleule wa kawaida, fyuzi itakaa inaitazama. Kazi yake ni kulinda waya.

Mbawa2: Nakubali. Mimi nimeegemea kidhibiti kwa sababu ya mwendo wa mota. Kasi inayokufaa ukitua ni kubwa mno ukiwa unakimbia angani. Ukigusa kidogo tu pua inaruka. Kidhibiti kinaipunguza, na vingine vinakata mota ikizunguka muda mrefu mfululizo. Ukiwa na mpango wa otopailoti (mtambo unaojiongozea ndege), angalia kwanza servo zake, yaani mota zinazosogeza vidhibiti vya ndege. Servo ya Garmin GSA 28 inaendesha mota ya trimu yenyewe, inarekebisha kasi, na ikikosa umeme vitufe vyako bado vinafanya kazi.

Kipanga: Basi ni rilei kwa sasa, kidhibiti cha kasi baadaye. Kabla sijafunga mfuniko wa mkia, nikague nini?

FundiWaya: Waya unapovuka bawaba ya elevata uwe wa nyuzi nyingi, na uache kitanzi kidogo ili ujikunje bila kuvutwa. Peleka elevata juu hadi mwisho, kisha chini hadi mwisho, huku mtu anautazama. Viungo viwe vya kubana, solda inakatika mahali penye mtetemo.

Kisha mwelekeo. Bonyeza pua juu: kibao cha trimu kinatakiwa kushuka, maana hewa inakisukuma juu pamoja na elevata. Wengi wakikiona kinashuka wanadhani wamekosea, wanabadilishana nyaya nyeupe, na sasa ndiyo wamekosea kweli. Jaribu vitufe vya fimbo zote mbili, kimoja kimoja, na kiashiria kifuate upande uleule.