Fremu za "leza" zinazokatika palepale zilipoungwa. Mnatuonaje?

Enyi wenye maabara za meno mnaopokea fremu za meno bandia, zile za chuma cha kobalti-kromi, kutoka huku Malindi mziunge kwa mwale wa leza, hebu tuelezane. Kazi mnayoturudishia juu inang'aa, ndani hamna kitu. Ukipasua kiungo kwa diski unakuta nusu milimita ya chuma kilichoyeyuka kila upande, na katikati ule ufa wa mwanzo umekaa zake, raha mustarehe. Mgonjwa anatafuna kipande cha mofa, tak! Baa ya chini ya ulimi vipande viwili, na wa kutukanwa ni sisi.

Baa ya milimita mbili haiungiki kwa kupigwa nukta za leza za juujuu. Ncha zote mbili huchongwa mshazari juu na chini, zikikutanishwa zitoe umbo la X. Unaanza pale katikati zinapogusana, kisha unajaza kwa waya wa kobalti-kromi usio na kaboni, wa milimita 0.35 au 0.5, tabaka juu ya tabaka, mpaka kiungo kivimbe, kiizidi kidogo baa yenyewe. Hapo ndipo unasaga. Nyinyi mnakutanisha ncha bapa, mnapiga, mnang'arisha, na huko kung'arisha kunakwangua hata hicho kidogo mlichoyeyusha!

Halafu fremu inarudi imepinda. Ukiiweka kwenye modeli inacheza, kile kiguu cha kukaa juu ya jino kimeinuka. Chuma kikipoa hunywea, kikavuta upande uliochomwa kwanza. Nukta ya kwanza ikiwa mbele, ya pili ni nyuma, kisha kushoto na kulia, ndipo uendelee. Na kila nukta ifunike kama robo tatu ya iliyotangulia. Hili nalo la kufundishwa?

Agoni, ile gesi ya kukinga kiungo na hewa, ndiyo mnaibania zaidi. Titani bila agoni safi ya asilimia 99.99 kwenda juu ni kupoteza wakati: kiungo kizuri hutoka cheupe kama fedha. Kikigeuka buluu au kijivu cha unga kimeshakula hewa, kimekuwa kikavu cha kukatika upesi, na kuisugua hiyo rangi hakuponyi kitu.

Kishikizo, ule mkono wa chuma unaokumbatia jino, kikikatika katikati msikiunge, tafadhali. Mkono ule kazi yake ni kunesa, na palipochomelewa hapanesi. Wekeni kipya, mkichomelee kwenye shina, penye unene.

Na kuna wanaolehemu kwa moto kisha wanaandika "leza" kwenye risiti. Joto la leza halisambai mbali, unaweza kuchomelea karibu kabisa na akriliki, ile plastiki ya ufizi bandia, isiungue. Sasa mbona akriliki ya waridi imebanduliwa ikawekwa nyingine mpya? Lehemu ni aloi (mchanganyiko wa metali) nyingine, ikikaa kwenye mate inaliwa, mstari unaanza kuwa mweusi. Tunaujua.

JIBU (fundi wa maabara): Ndugu, maneno yako mengi ni kweli, lakini na nyinyi mna yenu. Fremu inakuja imegandishwa kwa supagluu, ina mabaki ya chakula, na hakuna aliyeandika ni aloi gani. Gundi ikipigwa leza inachemka, kiungo kinajaa vitundu. Nikeli-kromi nyingine zina berili, na moshi wake ni sumu kwa mapafu yetu sisi tulioinamia darubini. Leteni vipande vimeshikwa kwa resini juu ya modeli ya plasta, vikiwa safi.

MWENYE UZI: Supagluu nimekuelewa, shehe, na wanaoituma waache. Ila uchafu haukuzuii kupiga mchanga wa alumina wa mikroni 50 kabla ya kuanza. Chuma kinachong'aa kinaurudisha mwale, lazima kififizwe kwanza hata kingekuwa kimetoka kuoshwa. Aloi tutaandika kwenye kikaratasi ndani ya boksi. Nanyi tupigieni picha ya kiungo kabla ya kung'arishwa, pande zote mbili, magamba ya nukta yaonekane. Kazi isiyo na picha hailipwi.