Madume ya sato niliowahasi: siku ya nne, wawili hawali

Mpenda_Sato: Wakuu, naomba msaada. Nina madume sita ya sato, kila mmoja karibu gramu 400. Walikuwa wanapigana na kuchimba viota mpaka tangi zima likawa tope. Rafiki yangu daktari wa mifugo akakubali tuwahasi. Aliwalaza kwa dawa ya usingizi, mimi kazi yangu kumwagia matamvua maji kwa mpira mdogo. Mkono ulikufa ganzi kuliko samaki mwenyewe. Alipasua katikati ya tumbo, akatoa korodani zote mbili, akashona. Wanne wanakula. Wawili wamelala chini, mapezi wameyakunja, na mmoja mshono wake una wekundu. Nianze dawa au nisubiri?

Kisu_Kidogo: Acha dawa kwanza, pima joto la maji. Samaki hana joto lake mwenyewe, kidonda kinapona kwa kasi ya maji aliyomo. Sato kwenye nyuzi 27 anapona vizuri. Kwenye 20 kila kitu kinasuasua, hata hamu ya kula. Wekundu kidogo pale uzi unapoingia usikutishe. Ogopa ukitanuka kila siku, tumbo likivimba, au ukiona vitu vyeupe kama pamba, hiyo ni kuvu. Na uzi ulikuwa upi? Wa kusokotwa hunyonya uchafu hadi ndani.

Mpenda_Sato: Uzi ni nailoni, usiosokotwa. Joto… 22! Tulizima kipasha maji siku ile ili tusipigwe shoti, hakuna aliyekumbuka kukiwasha.

Kisu_Kidogo: Basi umejijibu. Pandisha nyuzi moja au mbili kwa siku, usikurupuke, na ongeza hewa, maana maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Tia chumvi gramu 3 kwa lita. Wale wawili watenge, sato mzima humdonoa mgonjwa palepale penye kidonda. Chakula kiduchu tu. Kinachobaki huoza na kuleta amonia. Ngozi ya juu huziba mapema, ikakudanganya, nyama ya chini bado. Nyuzi za mshono usiziguse kabla ya wiki mbili, tatu hivi.

Bwawa_Kubwa: Kwa bwawa la maelfu kisu hakifai, wenzetu wakitaka samaki wasizaane huwalisha vifaranga homoni wiki tatu au nne, karibu wote wakawa madume. Kwa sita sawa. Ila mkuu, usitegemee amani. Kwa sato wa Msumbiji ilishapimwa: waliohasiwa waliacha kujenga viota na kutongoza, ugomvi ukabaki. Na kikibaki kipande cha korodani, huweza kuota tena.

Mpenda_Sato: Mrejesho, siku ya tisa. Maji nyuzi 27, wote wanakula, wekundu umefifia. Viota sijaviona. Ila yule mwenye wekundu, peke yake huko nilikomtenga, nimemkuta asubuhi anapigana na kivuli chake kwenye kioo.