Jiko la spiriti la makopo: moto wa njano, linazimika nikiweka sufuria. Kosa liko wapi?

Mguu_wa_Masaba

Habari zenu ndugu. Mwishoni mwa Januari tunapanda mlima Elgon upande wa Uganda, watu wawili, siku 4, kwa njia iitwayo Sasa kutoka mji wa Budadiri. Chai, uji na indomie tunataka tuchemshe wenyewe, na mtungi wa gesi sitaki kuubeba. Nimetengeneza jiko la spiriti kwa vitako vya makopo mawili ya bia ya ml 330, kimoja ndani ya kingine. Nimetoboa matundu 32 kwa msumari wa nchi moja. Spiriti ni ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda.

Linawaka, ila moto ni wa njano, mlegevu, unatoka katikati tu. Pembeni kwenye matundu hakuna kitu. Nikiweka sufuria unafifia, na dakika ya 3 haifiki umekufa. Chini yanabaki majimaji ambayo hayashiki hata kwa kiberiti. Sufuria nayo imepata masizi. Niongeze matundu? Waragi (pombe kali ya Uganda) je, inaweza kufanya kazi? Na nibebe spiriti kiasi gani?

KopoTupu

Usiongeze hata tundu moja. Umeshatoboa mengi mno, tena makubwa. Ila tuanze na yale majimaji, maana hapo ndipo nusu ya ugonjwa ilipo.

Spiriti ya vidonda kwa kawaida ni alkoholi asilimia 70 hivi, kinachobaki ni maji. Kwa vidonda ni sawa kabisa, kwa jiko ni hasara: alkoholi inaungua kwanza, maji yanazidi nguvu, moto unakufa wakati chombo bado kimelowa. Soma lebo pia. Ikiandikwa isopropili badala ya etanoli, masizi yako yametoka huko.

Nenda duka la rangi na vifaa vya ujenzi, uombe methylated spirit ile ambayo maseremala huyeyushia vanishi. Mara nyingi imetiwa rangi ya zambarau. Kabla ya kununua chupa kubwa, nunua ndogo uipime: chukua sirinji ya ml 10 ya duka la dawa, mimina ml 10 kwenye kifuniko cha chupa ya jemu, washa, subiri izime yenyewe. Nzuri inaacha unyevu tu wa kufuta kwa kidole. Ukiweza kunyonya ml 2 au 3 kwa sirinji baada ya moto kuzima, hiyo ina maji, irudishe.

Waragi ya dukani ni asilimia 40. Ukiipasha itashika moto kidogo, jiko haitaliendesha. Ile ya kienyeji nguvu yake hubadilika kwa kila mpishi, huwezi kuipangia hesabu. Kunywa ni shauri lako.

Sasa matundu. Msumari wa nchi moja unaacha tundu la karibu milimita 2. Matundu 32 ya namna hiyo yana uwazi wa milimita mraba 100. Pini ya cherehani inaacha milimita 0.8, na matundu 16 yake ni milimita mraba 8 tu. Kwa hiyo umefungua mlango mara 12 kupita kiasi. Jiko la aina hii linategemea mvuke ubanwe kati ya kuta mbili, utoke kwa kusukumwa. Kwako haubanwi popote, ndiyo maana pembeni hakuna ndimi. Hilo kopo halitengenezeki tena, anza upya.

Spoku_na_Waya

Nakubaliana na KopoTupu. Naongeza namna ya kulijenga, kwa sababu wengi wanaharibu kwenye kukata.

Tafuta makopo mawili ya alumini yenye kipenyo cha milimita 66, yasiyo na mkunjo. Uwe na la tatu, limejaa na halijafunguliwa. Kazi yake utaiona. Toboa matundu KABLA ya kukata, kopo likiwa bado gumu. Kunja ukanda wa karatasi katikati mara 4 upate mikunjo 16, uzungushie kwenye bega la kitako, weka alama, toboa kwa pini taratibu huku unaizungusha. Ukiigonga kwa nyundo tundu linapasuka pembeni.

Kukata: mkasi hautoi ukingo ulionyooka. Ingiza wembe ndani ya kitabu kinene, kwenye kurasa zilizo kimo cha milimita 28 kutoka mezani, ncha ichomoze kidogo. Bana kitabu kwa mkono mmoja, kwa mwingine zungusha kopo likigusa wembe. Usikate, kwaruza tu, mizunguko 10 hadi 15. Halafu bonyeza kwa kidole gumba kwenye mstari. Utasikia "tik", na ufa unakimbia wenyewe kuufuata mstari wote. Fanya hivyo kwa makopo yote mawili, upitishe msasa kwenye kingo. Kile kitako chenye matundu kitoe pia ile sehemu iliyobonyea katikati, kwa kuikwaruza ndani ya pete kwa ncha ya kisu mpaka iachie.

Ukuta wa ndani ni ukanda wa ubavu wa kopo, kimo milimita 38. Uzungushe uwe duara la kukaa ndani ya mfereji wa kitako, karibu milimita 50, ncha zipishane na uzibane kwa pini ya stepla. Upande wa chini kata vijidirisha 3 vya milimita 5, spiriti ipite kwenda kati ya kuta. Ukivisahau vijidirisha jiko linawaka katikati tu, hata kama mengine yote ni sahihi.

Kuunganisha: sukuma kitako cha kopo lililojaa ndani ya kipande cha chini ili kipanuke. Kipande cha juu kikikataa kuingia, kata kijiti chembamba cha alumini, ukitumie kama kile cha kuvalia viatu, ukizunguka nacho ukingo huku unabonyeza. Acha kubonyeza ukuta wa ndani ukishagusa mifereji yote miwili. Ukiendelea unajikunja, na mvuke unatorokea katikati. Lote halifiki gramu 20.

Kutumia: mimina ml 20, washa katikati, subiri. Baada ya nusu dakika hadi dakika moja spiriti inaanza kutokota na ndimi zinachanua pembeni moja moja. Hapo ndipo unaweka sufuria, si kabla. Sufuria baridi ikiwahi, inanyonya joto la jiko na jiko linakufa, ndivyo ilivyokutokea.

Usiiweke pia juu ya jiko moja kwa moja. Iachie sentimita 3 juu ya matundu. Stendi rahisi ni wavu wa banda la sungura wa matundu ya milimita 12: ukanda wa kimo cha sentimita 7 na urefu wa sentimita 31, ukiuzungusha unapata duara la sentimita 10 hivi. Wavu ni wa zinki, uchome kwanza nje penye upepo, usivute ule moshi.

Baridi_ya_Mude

Mnajadili jiko kana kwamba linapikiwa barazani Ntinda, mjini Kampala. Huko juu mambo ni mengine.

Etanoli haitoi mvuke wa kutosha kushika moto ikiwa chini ya nyuzi 13 hivi, na ile yenye maji kidogo inataka hata 17. Kambi ya Mude Caves iko mita 3,500. Alfajiri kuna baridi ya kuganda. Unachovya kiberiti na kinazimika kama umekitia kwenye maji. Lala na chupa ndani ya begi la kulalia, au iwe chini ya koti robo saa kabla ya kupika. Chini ya jiko weka kifuniko cha chupa ya jemu chenye ml 3, uwashe hicho kwanza. Jiko lisikae juu ya jiwe lililolowa. Weka kipande cha ubao katikati.

Upepo ndio unaokula spiriti kuliko kitu kingine chochote. Kinga ya alumini, iliyokatwa kwenye trei ya kuokea au makopo yaliyofunguliwa, izunguke sufuria kwa nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 na ifike thuluthi mbili za kimo chake. Toboa matundu ya hewa chini, upande usiopigwa na upepo. Ukiibana sana moto unakosa hewa, unageuka njano. Na sufuria pana fupi yenye kifuniko inashinda kikombe kirefu.

Hesabu ya watu 2, usiku 3: nusu lita ya maji ya baridi huko juu weka ml 25. Asubuhi lita 1 ya chai na uji ni ml 50. Jioni lita 1.5 ni ml 75. Kwa siku ml 125, mara 3 ni 375. Ongeza akiba, beba ml 500, uzito gramu 400 hivi. Maji yanachemka kwenye nyuzi 88 hivi kwa kimo hicho. Kama ni ya kunywa kutoka kijitoni, yaache yatokote dakika 3, na hapo spiriti inaisha kweli kweli. Afadhali vidonge vya klorini kwa maji ya kunywa, jiko liwe la chakula tu. Posho (ugali) na maharage waachie wapagazi wenye sigiri.

Ukweli mmoja ambao wapenzi wa makopo hawapendi kuusikia: gramu moja ya etanoli ina kilojuli 27, ya gesi 46. Hiyo ml 500 yako ni sawa na gesi ya mtungi mdogo wa gramu 230, na mtungi huo ukijaa una gramu 370 na ushee. Kwa safari fupi faida ya spiriti ni upatikanaji, bei na wepesi wa jiko lenyewe, si nguvu.

KopoTupu

Hapo kwenye gesi nakuunga mkono, Baridi_ya_Mude. Mimi hata hizo kuta mbili nisingehangaika nazo kwa safari ya kwanza. Kopo la samaki wa tuna, lile fupi pana, matundu 12 ya milimita 6 kuzunguka, sentimita 1 chini ya mdomo. Ml 25, washa, hesabu sekunde 30, kalisha sufuria moja kwa moja juu yake. Moto unatoka ubavuni. Stendi huhitaji. Linakula zaidi kidogo, lakini ukilikanyaga kwenye begi unalinyosha kwa kidole. La nyanya la gramu 70 usijaribu: jembamba, sufuria inayumba.

Spoku_na_Waya

Linakula zaidi SANA kukiwa na upepo. Na sufuria nyembamba moto unaipita pembeni bure. Chini ya sentimita 14 za kitako sikushauri.

Mama_Budadiri

Wanangu, mmesahau moto wenyewe. Mwali wa spiriti mchana wa jua hauonekani. Kabla ya kumimina tena, pitisha jani kavu juu ya jiko; likiungua, bado linawaka. Hata likizima, subiri liwe la kushikika kwa mkono, kwa sababu mvuke unaweza kupanda hadi kwenye chupa uliyoishika. Jaza kwa sirinji, kamwe si kwa chupa. Kulizima, lifunike kwa kopo kubwa zaidi. Likimwagika, maji mengi yanalizima kwa sababu spiriti inachanganyika nayo, si kama mafuta ya taa. Ndani ya hema usipike kabisa: kuna moto, na kuna hewa chafu inayoua bila harufu. Januari nyasi za huko juu ni kavu, basi mahali pa kuwashia mwulize askari wa UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) mnayeongozana naye.

Na chupa: isiwe ya maji ya kunywa. Spiriti ya viwandani huweza kuwa na methanoli, na methanoli ndiyo iliyoua watu wengi Kabale mwaka 2010 ilipoingia kwenye waragi. Tumia chupa ya umbo tofauti, andika SUMU, na OBUTWA, yaani sumu kwa Kiganda, chini yake kwa wapagazi.

Mguu_wa_Masaba

Asanteni sana, nawe mama. Nimejenga upya kwa wembe na kitabu, matundu 16, spiriti ya zambarau. Nimeijaribu kwa sirinji, haikubaki kitu. Ml 20, nusu lita ya maji ya bomba, yamechemka dakika ya 8 bila upepo. Kasoro mbili: ndimi za upande mmoja ni ndefu kuliko za upande wa pili, na kwenye kiungo cha makopo kuna vijimwali vya bluu.

Spoku_na_Waya

Dakika 8 ni nzuri. Vijimwali vya kiungoni: angalia ukingo wa kipande cha nje kama una ufa wima. Makopo hupasuka hapo yakipanuliwa haraka. Ufa ukiwepo tupa hicho kipande, utaongezeka. Usipokuwepo, kiungo kimelegea tu. Fungua, paka gundi ya chuma ya mirija miwili inayovumilia joto, iache usiku mzima.

Ndimi zisizolingana: kwanza weka jiko kwenye sinia lililo sawa, uone kama tofauti inahama. Ikihama, tatizo ni meza. Isipohama, tazama kama kijidirisha cha ukuta wa ndani cha upande ule dhaifu kimezibwa na mkunjo wa stepla, kisha chokonoa matundu ya upande huo kwa pini ileile ya kwanza. Usichukue nene zaidi, utarudi kwenye msumari.