Naomba ushauri: video za hesabu kidato cha pili, sauti inaniangusha

Habari zenu wakuu. Nafundisha hesabu hapa Morogoro. Tangu Januari narekodi vipindi vya kidato cha pili kwa simu na kuviweka YouTube, maana vijana wengi wanakwama kwenye aljebra.

Picha siyo mbaya. Simu iko kwenye stendi, dirisha liko ubavuni, ubao haumetimeti. Shida ni sauti. Chumba ni bati bila dari, sakafu ya saruji, nikiongea ni kama niko kisimani. Jana nimetundika mablanketi mawili nyuma ya simu, mwangwi ukapungua, ila bado maneno hayatoki safi. Je, maikrofoni ya waya ya kubana kwenye kola inatosha, au nijichange nichukue isiyo na waya? Nina shilingi 60,000 tu.

Halafu bando. Kipindi cha dakika 20 wazazi wanakilalamikia. Mwanafunzi mmoja kaniambia huwa anasikiliza tu bila kutazama ili asimalize MB za mama yake. Iliniuma, hesabu utaisikilizaje bila kuiona? Nikishusha ubora wa picha hadi 480p, vipeo (zile namba ndogo za juu) vitasomeka kwenye simu ndogo? Au nikate vipande vya dakika sita?

Aliyepitia haya anisaidie tafadhali.